Ukitaka Tambarare, Fuata Maji

Goti langu la kushoto liliniuma mwaka mzima kabla sijakubali kwenda hospitali. Daktari alilibonyeza, akalikunja, akalinyoosha, kisha akanipa masharti mawili: nitembee kila siku, si chini ya dakika arobaini, na nisipande wala kushuka mlima mpaka atakaponiruhusu. Nilishukuru, nikatoka, nikasimama getini nikiuangalia mji wa Njombe. Sokoni unashuka, kanisani unapanda, na kwangu hufiki bila kusimama njiani mara mbili kuvuta pumzi. Mji wetu umekaa juu ya vilima, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na sijui mtaa hata mmoja uliolala sawasawa.

Aliyenipa jibu ni shangazi yangu. Nilimpigia simu usiku ule kumsalimia, nikamweleza yaliyonikuta. "Njoo bondeni, mwanangu," alisema. "Hapa kwetu mtu akitaka tambarare anafuata maji. Maji hayapandi mlima."

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi ukingoni mwa bonde la Hagafilo, ili goti lisionje mteremko. Shangazi alikuwa ananisubiri, gambuti miguuni, khanga kichwani, jembe begani. Nilimwamkia, akaitikia, akatangulia. Alikuwa amekaribia miaka sabini wakati huo, na kwa mwendo wake ungedhani yeye ndiye aliyekuja kuniuguza.

Nilikuwa nimeishi Njombe zaidi ya nusu ya maisha yangu, na mito yake nilikuwa naijua kwa madaraja tu. Unapita juu kwa gari, unaona maji sekunde mbili, basi. Asubuhi ile ndiyo mara yangu ya kwanza kutembea na mto bega kwa bega. Njia yenyewe ni nyembamba, imekanyagwa na watu wanaokwenda vinyunguni, kina mama wanaokwenda kufua na watoto wanaochunga. Udongo ni mweusi, unanesa kidogo unapoukanyaga kama godoro jipya. Pembeni kuna matete, kisha maji, na maji yale hayana haraka. Yanajipinda kushoto, yanarudi kulia, yanazunguka kichaka ambacho yangeweza kukipita moja kwa moja. Nawe unazunguka nayo. Kilomita mbili za kufuata mto ni nusu kilomita kwa kunguru arukaye moja kwa moja, lakini goti halijui hesabu hiyo, linajua tu kwamba halijapanda.

Jambo jingine nililoliona mapema ni salamu. Mjini tunapishana kama magari. Bondeni huwezi. Njia ni ya mtu mmoja, kwa hiyo mmoja lazima asimame pembeni, na akisimama lazima aseme neno. "Kamwene," anasema mmoja. "Kamwene," anajibu mwenzake. Kisha habari za nyumbani, za mahindi, za mgonjwa. Dakika zangu arobaini ziligeuka saa moja na nusu, na sikuona daktari angekuwa na sababu ya kulalamika.

Kwa msomaji asiyetoka Nyanda za Juu Kusini, nieleze kinyungu ni nini. Ni bustani ya bondeni, ya kiangazi. Mashamba ya mlimani yakishavunwa na kukauka, bonde linabaki na unyevu wake. Mkulima anachimba mifereji, na udongo unaotoka anaupandisha uwe tuta refu, pana kiasi cha mtu kulifikia katikati kwa mkono akiwa pembeni. Mfereji unaondoa maji yaliyozidi, tuta linabaki na unyevu wa kutosha. Hapo ndipo panapokaa mahindi, maharage, njegere, kabichi na viazi. Mahindi mabichi ya kinyungu yanakuja miezi ile ambayo ghala limeanza kuonyesha sakafu, na familia nyingi za Wabena hapa kwetu zimevuka njaa kwa sababu hiyo moja.

Mwezi wa saba nilifika bondeni mapema kuliko kawaida, jua bado liko nyuma ya kilima. Sakitu ilikuwa imeanguka usiku. Majani ya ukoka yalikuwa meupe na yakivunjika chini ya kiatu kwa sauti ya chumvi ya mawe. Shangazi alikuwa amefunika miche yake ya kabichi kwa nyasi kavu tangu jioni. Alichuchumaa, akafunua tuta la kwanza, akanionyesha mche mmoja uliokuwa umechomoza jani nje ya nyasi. Jani lile lilikuwa na ukungu mgumu mweupe kwenye kingo, likiwa limegeuka rangi ya kijani kilichoiva, kama limechemshwa. Majani yaliyobaki chini ya nyasi yalikuwa salama kabisa. "Baridi inashuka bondeni kama maji," alisema. "Inakuja kulala hapa." Baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyo: hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku na kutuama chini. Shangazi aliishia darasa la nne.

Kilichonibakisha kwenye njia ile hata baada ya goti kupona kinahusu familia yetu, na sioni fahari kukisimulia.

Pembeni mwa kinyungu cha shangazi kuna kipande kilichokuwa cha marehemu baba. Miaka ya tisini aliacha kulima kinyungu akapanda milingoti. Hakuwa peke yake. Hapa kwetu mti ni fedha tangu zamani. Kampuni ya TANWAT ilianza mwaka 1949 kwa kupanda miwati ili magome yake yakasindike ngozi, na vizazi viwili vya watu wa Njombe vimekua vikiona malori ya miti yakishuka kwenda kuuzwa. Mlingoti unakua haraka, unatoa nguzo na mbao, na karo ya sekondari haisubiri. Baba alipanda hadi kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya mteremko, mahali ambapo sisi watoto tulikuwa tukiteka maji kwa kata na kujaza ndoo.

Miti ilikua vizuri. Kwa miaka kadhaa hatukuona kitu. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa kumi, chemchemi ikawa tope. Baba akasema ni mwaka mbaya. Mwaka uliofuata ikawa tope mwezi wa tisa, uliofuata mwezi wa nane. Mzizi wa mlingoti haubagui kiangazi na masika, unakunywa mwaka mzima. Mwisho pakabaki shimo lenye majani makavu, na kina mama wa upande ule wakaanza kwenda kuteka mbali zaidi. Hakuna aliyetugombeza. Huenda lingekuwa jambo jepesi zaidi kama wangetugombeza.

Sikuyajua haya yote kwa ukamilifu hadi nilipoanza matembezi yangu. Nilikuwa nauza miti ile, napokea fedha, narudi mjini. Siku shangazi aliponipitisha pale, hakusema neno. Alisimama tu kwenye shimo, akabadilisha jembe bega, akaendelea na safari.

Tulikaa kikao cha ukoo. Kilikuwa kigumu, maana miti iliyokuwa imebaki ilikuwa karibu kufikia unene wa nguzo na mdogo wangu alikuwa na watoto wawili shuleni. Tulikubaliana tukate yote iliyo karibu na chemchemi, tugawane fedha, na hapo pasipandwe tena mlingoti. Tulidhani tumemaliza. Baada ya miezi mitatu kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi kumi, kumi na tano, mekundu kwa chini na laini, yananukia ile harufu kali ya dawa ya kifua. Mlingoti haufi kwa shoka. Tukaanza kazi ya kurudi kila baada ya wiki chache, kukaa kwenye kisiki kimoja baada ya kingine, kung'oa machipukizi kwa mkono na kubandua gome hadi chini ya ardhi ili kisiki kikauke. Ilituchukua miaka miwili. Kwangu ilikuwa kazi ya kufaa, kwa sababu inafanywa umekaa.

Katikati ya visiki tukapanda mivengi. Mvengi ni mti wa asili wa mabondeni, ule wenye matunda meusi ambayo watoto huyala hadi ulimi unabadilika rangi. Mbegu tulizitoa kwenye mvengi mkubwa wa shangazi, mti ambao alikuwa amekataa kuukata kila mara mtu alipokuja na shauri la kuni.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Namba hiyo tunaisikia kwenye mikutano ya kijiji, kwenye redio, kwenye vibao. Nilitaka kuijua kwa miguu. Nilisimama kwenye maji, nikageuka, nikahesabu. Mita 60 ni hatua zangu themanini. Katika hatua hizo themanini nilipita kinyungu cha shangazi chote, mashine mbili za kusukuma maji, bomba la mpira, rundo la makopo ya dawa ya kuua wadudu, mstari wa milingoti ya jirani, na uzio wa mparachichi. Nyumba moja ya matofali ilikuwa kwenye hatua ya sabini na mbili.

Nisieleweke vibaya. Marufuku ya vinyungu imetangazwa zaidi ya mara moja katika nyanda hizi, na kila mara anayeumia wa kwanza ni mama mwenye jembe, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana. Kinyungu cha mkono, cha miezi michache, kinachoacha matete yasimame ukingoni, siwezi kukiweka kapu moja na pampu inayovuta mto usiku na mchana, wala na makopo yale ya dawa yanayosafishwa majini. Anayeandika amri akiwa kwenye gari, akiuona mto kutoka darajani kama nilivyokuwa nikiuona mimi, hawezi kutofautisha. Ni lazima ashuke atembee.

Baadaye kazi ilinihamishia Makambako, mwendo wa kama kilomita 60. Niliondoka na hofu ya kukosa bonde langu, nikakuta mji mzima ni tambarare. Makambako ni uwanda. Barabara kuu iendayo Zambia inakutana pale na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita kwenye safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Upepo hauna mlima wa kuuzuia, unavuma hadi unaegemea nao. Goti langu lilifurahi.

Lakini tambarare ina hatari yake, na niliiona kwenye kijito kilichopita bondeni nyuma ya mtaa tuliopanga. Mlimani mto unajilinda wenyewe: kuna mteremko, kuna miamba, kujenga ni tabu. Kwenye uwanda hakuna kinachokuzuia kusogeza tofali hadi majini. Watu walikuwa wamesogeza. Mahali pengine sikuweza kupita kando ya kijito, nikalazimika kuzunguka nyuma ya vyoo. Mahali ambapo watu hawawezi kupita, hawaoni, na pasipoonekana ndipo panapotupwa kila kitu: nepi, chupa, pumba zilizooza, betri. Niliporudi upande ambao njia ilikuwa bado ipo, taka zilikuwa chache sana. Maji ni yale yale na watu ni wale wale. Nilitembea pale zaidi ya mwaka mmoja na hali ilikuwa hiyo hiyo kila wiki.

Makambako pia ndiko nilikoielewa ramani ya maji yetu. Mito ya upande wa Wanging'ombe inakwenda Mbarali, inaingia Usangu, inakuwa Ruaha Mkuu, mto wa mabwawa ya Mtera na Kidatu. Ruhuji, mto unaopokea maji ya Hagafilo yetu, unakwenda upande mwingine kabisa, hadi Kilombero. Mvua moja ikinyesha kwenye nyanda hizi inagawanyika, nusu huku, nusu kule, zinaagana kwa mamia ya kilomita. Kisha zinakutana tena Rufiji, kabla ya bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 lililoanza kujazwa Desemba 2022. Upande wa Ruaha tayari tumeshaonywa. Tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Viboko wamekuwa wakisongamana kwenye madimbwi. Upande wa Ruhuji bado una maji, na jukumu la kuyalinda ni la sisi tunaokaa kwenye chanzo.

Niliporudi Njombe, nilipata rafiki wa kutembea naye kutoka mbali. Kiwanda cha maziwa cha Njombe kilianzishwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Bologna nchini Italia, hao hao waliosaidia kuleta umeme wa maji kijijini Matembwe. Kwa hiyo Waitaliano hapa si wageni, na jibini ya Njombe inajulikana hadi Dar es Salaam. Rafiki yangu huyu, Mwitaliano, alikuwa amekuja kujitolea kwa miezi michache. Wageni wenzake walikuwa wakipelekwa Hifadhi ya Kitulo kuona maua, au kwenye maporomoko ya Ruhuji kupiga picha. Yeye alipendelea bonde. Alisema limemkumbusha kwao.

Alikulia kwenye uwanda wa mto Po, mto mrefu kuliko yote Italia, kilomita 652. Nchi ya kwao, alisema, imelala kiasi kwamba ukisimama barabarani unaona mnara wa kanisa la kijiji cha pili na cha tatu. Mto umezuiwa kwa matuta marefu ya udongo ili usifurike mashambani, na juu ya matuta kuna njia. Jumapili mchana watu wanatembea pale: wazee, watoto, wenye baiskeli, mgonjwa anayejifunza kutembea upya. Hakuna kilele cha kufikia. Unakwenda hadi uchoke, unageuka. Nilimsikiliza nikifikiri kwamba kwao tuta linawakinga watu na mto, na kwetu mita 60 zimewekwa kuukinga mto na watu, ila wao wameweka njia juu ya kinga yao na sisi yetu tumeiacha iwe namba ya kwenye kibao.

Mwaka 2022 alinitumia picha. Po ulikuwa umepungua kuliko wakati wowote katika miaka 70, mchanga mweupe umetapakaa katikati, na mabaki ya tishari lililozama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia yalikuwa yamejitokeza juu. Aliandika kwamba wazee wa kijijini kwao, wale wa matembezi ya Jumapili, walikuwa wakisema mto unaumwa tangu mwezi wa pili, kabla magazeti hayajaandika. Nilimsomea shangazi. Aliitazama picha kwa muda, akauliza kama huko kuna vinyungu.

Sasa ombi langu, nalielekeza kwa wenyeviti wa vijiji, kwa madiwani na kwa maofisa wa maji wa bonde. Mnapopima mita 60, msiishie kuweka kibao na kuondoa watu. Acheni njia ya miguu, pana kiasi cha watu wawili kupishana, kutoka daraja hadi daraja. Haihitaji zege wala mfadhili. Inahitaji ulalo pale penye mfereji, matete yaachwe upande wa maji, na mivengi upande wa shamba. Walimu wapitishe wanafunzi pale mara moja kwa muhula, wahesabu hatua zao themanini na kuandika wanachokiona. Hospitali ziwaelekeze pale wenye magoti kama langu. Watu wakipita kila siku, hakuna atakayemwaga makopo ya dawa bila kuonekana, na chemchemi haitakauka miaka mitatu bila mtu kujua.

Nawe msomaji ukija Njombe, njoo Septemba au Oktoba, mwisho wa kiangazi, kwa sababu masika kila mto unaonekana mzima. Vaa gambuti, chukua fimbo, shuka bondeni asubuhi sakitu na ukungu vikiwa vimeshaondoka, na ukikutana na mtu umpishe na umsalimie. Ukifika kwenye chemchemi yetu utaitambua kwa visiki vilivyokauka na mivengi iliyonizidi kimo. Oktoba iliyopita maji hayakukatika. Shangazi alikuja na ndoo ya lita 20, tukaikinga kwenye jani la mgomba tulilolitegesha kama bomba, nikaangalia saa. Ilijaa kwa dakika kumi na moja. Zamani, anasema, ilikuwa dakika mbili.